Bridge to Terabithia: nilinunua nikijua ni stori ya majitu

Nianze na bei ili wenye haraka waendelee na shughuli zao: Sh 6,000, mtumba, kwa wale jamaa wanaotandaza vitabu chini mjini. Kava limekunjika kona, mgongo umebandikwa gundi, ila kurasa zote zipo, nilizihesabu palepale jamaa ananiangalia, maana nishawahi kuuziwa kitabu cha upelelezi kisicho na kurasa za mwisho na muuaji sijamjua mpaka leo. Hiki kina sura 13, chembamba, mtu mzima anakimaliza jioni moja. Sisi kilituchukua wiki tatu.

Nilikuwa natafuta kitu cha kumsomea mtoto wa marehemu dada yangu. Ana miaka 9, tunakaa naye mimi na mama, yaani bibi yake, tangu mwaka jana. Huyu mtoto alikuwa anachora mabasi. Na sio kuchora kwa kupitisha muda, ni daftari la hesabu nyuma mabasi, kalenda ya ukutani mabasi, basi la mkoani na taa zake zote na maandishi ya ubavuni na konda ananing'inia mlangoni shati linapepea. Mama yake alipofariki akaacha. Hakuna aliyemkataza, na wala hakulia sana, aliacha tu kama mtu aliyeacha sukari kwenye chai. Penseli za rangi nilizomnunulia ziko juu ya kabati na nailoni yake haijafunguliwa.

Sasa kava la hiki kitabu ni lile lililotoka na muvi, na mimi trela ya hiyo muvi niliiona zamani, ya mwaka 2007, majitu kibao na vidudu vinaruka, nikasema haya ndo mambo, mtoto apate mazimwi kidogo asahau. Nikambeba Terabithia nyumbani bila hata kusoma nyuma kimeandikwa nini. Kosa langu hilo, sio la muuzaji.

Majitu hayapo bana. Yaani yapo, lakini kwenye vichwa vya watoto wawili, kitabu kizima hakuna uchawi hata wa dawa, kuna msitu na korongo na kamba.

Stori iko hivi, na mwisho nautaja makusudi, kitabu kilitoka 1977 na ukimnunulia mtoto bila kuujua utakuja kunilaumu. Jess Aarons ana miaka 10, anakaa kijijini Virginia, Marekani, miaka hiyo ya 70, nyumba imejaa wasichana, dada wawili wakubwa wanaojua kukwepa kazi kuliko walivyojua shule, na wadogo zake wawili, yeye ndo wa kukamua ng'ombe. Baba anatoka asubuhi sana kwenda kazini Washington anarudi kachoka hana muda na mtu. Jess anachora, tena kwa kujificha, kwa sababu akiwa mdogo alimwambia baba yake kwamba akikua anataka kuwa msanii na mzee akachachamaa, shule gani hii inamfundisha nini mwanangu wa kiume. Na anachochora ni wanyama waliopatwa na matatizo. Kuna kiboko anaanguka kutoka juu ya jabali, anapinduka pinduka hewani, na wakati anaanguka anasema kumbe miwani yake ameisahau. Kijana wetu alicheka hapo. Nilikuwa sijamsikia akicheka kitu cha kuchorwa muda mrefu, nikaendelea kusoma haraka haraka nisije nikaharibu.

Halafu anahamia Leslie Burke nyumba ya jirani, wazazi wake waandishi, hela wanazo ila TV hawana, na siku ya mashindano ya kukimbia shuleni anawaacha wavulana wote nyuma akiwemo Jess aliyefanya mazoezi likizo nzima. Wanakuwa marafiki. Kuna korongo nyuma ya mashamba na juu yake kuna kamba imefungwa kwenye mti tangu zamani, wanaruka nayo ng'ambo, huko msituni wanajenga kibanda na kusema huu ni ufalme wetu, jina lake Terabithia. Leslie ana maneno, Jess ana mikono, ndo hivyo wanavyogawana kazi. Krismasi Jess anampa Leslie kambwa kadogo, na Leslie anampa Jess boksi la rangi za maji, tyubu 24, brashi 3 na karatasi nzito. Hizo tyubu 24 zikumbuke.

Mvua zinanyesha kipindi cha Pasaka hazikatiki, korongo linajaa. Hapa sikuhitaji kueleza kitu. Mtoto wa Dar ukimwambia Pasaka, mvua na korongo kwenye sentensi moja anajua kinachofuata, na yeye akasema palepale, "Mamdogo, wasivuke." Jess mwenyewe anaogopa yale maji na anaona aibu kuogopa. Asubuhi moja mwalimu wa muziki anapiga simu anamwalika waende Washington kutazama picha na makumbusho, Jess anaenda, na hamwaliki Leslie, na moyoni anafurahi kuwa wako wawili tu. Sura hiyo, ya 10, mwandishi kaipa jina la siku kamilifu. Jioni anarudi, anaingia tu ndani, dada yake anamtupia habari kwa sentensi moja. Leslie alivuka peke yake, kamba ikakatika, akagonga kichwa. Na nyumbani walidhani Jess naye kafa, maana hakuna aliyejua yuko wapi, mama yake alimruhusu akiwa usingizini.

Tuliacha kusoma siku nne baada ya hapo. Mimi ndo niliogopa, sio yeye. Nilifungua mapema sura inayofuata nikaisoma peke yangu jikoni, na nikagundua huyu mwandishi anajua anachokisema.

Sikiliza hili. Asubuhi ya pili Jess anaamka, anakaa mezani, mama yake anampa chapati za maji rundo zima, na anakula. Anakula zote. Dada yake anamshangaa, kwamba angekuwa yeye asingeweza kumeza kitu. Nilipofika hapo nililazimika kuweka kitabu chini. Siku ya msiba wa dada, huyu mtoto alikula sahani mbili za pilau, akafuata na soda, na wamama waliokaa kwenye mkeka wakawa wanaangaliana, "huyu bado hajaelewa." Mwingine akasema kwa sauti kabisa. Na mimi niliamini hivyo, miezi yote hiyo nimeamini hakuelewa. Kumbe mtoto anaweza akaelewa vizuri sana na njaa ikamuuma vilevile.

Na kuna pengine Jess anawaza kwamba yeye sasa ndo mtoto pekee anayemjua wa umri wake aliyefiwa na rafiki mkubwa, shuleni watamheshimu. Anajiona mtu muhimu. Vitabu vingi vya watoto vingekuficha wazo kama hilo, hiki kimeliacha pale liwe baya na la kweli. Nilipolisoma kwa sauti kijana akaangalia chini akawa anachokonoa mkeka. Sikuuliza.

Ndo nikaenda kumtafuta mwandishi ni nani. Katherine Paterson, Mmarekani aliyezaliwa China mwaka 1932, wazazi wake walikuwa wamisionari. Mwaka 1974 alifanyiwa upasuaji wa saratani, na Agosti ya mwaka huohuo rafiki mkubwa wa mtoto wake David, binti wa miaka 8, akapigwa na radi ufukweni akafa. Mama anamwangalia mwanawe hajui amwambie nini, basi akaandika. Na alipofika kwenye kifo cha Leslie akakwama, akawa haendi kwenye meza yake kabisa, maana asipoandika Leslie hafi. Kitabu kikaja kupata Newbery mwaka 1978, ile tuzo kubwa ya vitabu vya watoto Marekani, lakini mimi kilichonigusa ni ukurasa wa kutabaruku. Alimwandikia mwanawe, mwanawe alipokisoma akaomba na jina la rafiki yake liwekwe hapo, likawekwa. Na David huyohuyo alipokua ndo akawa mmoja wa walioandika skripti ya muvi ya 2007. Kwa hiyo ukisoma sura ya chapati za maji ujue haikutungwa hewani.

Turudi kwenye uchoraji maana ndo nilichokuja kusema. Kule makumbusho Washington Jess anaona mfano wa wawindaji Wahindi Wekundu wakiwafukuza nyati mpaka kwenye jabali wanaanguka. Anasimama pale hatoki. Ni michoro yake mwenyewe, yule kiboko wake, ila sasa haichekeshi. Na wakati yeye amesimama anatazama wanyama wanaanguka, kule nyumbani... mwandishi hakusemei, hakuna mstari unaokwambia "ona, fumbo." Nimesoma mara tatu ndo nikaliona. Kazi safi sana ile.

Halafu baada ya kifo, mdogo wake May Belle anamuuliza kama alimwona Leslie amelazwa, kama kamwona akiwa maiti, unajua watoto walivyo, na Jess anampiga. Anampiga usoni. Anakwenda anachukua zile rangi, tyubu zote 24, na karatasi, anatupa kwenye maji ya korongo. Zinazama, zinaelea, zinaondoka. Baba yake, yuleyule aliyekasirika kusikia msanii, anamfuata pale, na anamshika anamweka mapajani kama mtoto mchanga wakati analia. Mzee hasemi hotuba. Anamwambia ilikuwa upumbavu kutupa zile rangi, kitu cha namna hiyo, na basi.

Hapo vitabu vingine vingemnunulia rangi mpya, unajua, ukurasa wa mwisho baba anatoa boksi, muziki unapanda. Hapa rangi zimeenda zimeenda. Kinachokuja ni mbao. Wazazi wa Leslie wanahama, wanamwambia achukue anachotaka kilichobaki kwenye nyumba, anachukua mbao na misumari, anakwenda anajenga daraja juu ya lile korongo, na anamvusha May Belle, yuleyule aliyempiga, anamwambia huko kuna ufalme. Mikono ni ileile iliyokuwa inachora. Imerudi kwa mlango mwingine.

Mapungufu, yapo. Sura tatu za mwanzo zinakokota, mbio mbio mbio, kijana alilala mara mbili. Mwalimu kumpakia mtoto wa kiume wa miaka 10 peke yake kwenye gari kwenda mji mwingine kwa ruhusa ya mama aliyelala, samahani, leo hapana, nilisimamisha kusoma nikaweka kasemina kadogo ka dakika tano. Dada wakubwa wa Jess wameandikwa kama mazimwi, hakuna hata mmoja mwenye moyo, na kuna binti mkorofi wa shuleni anachekwa unene wake kwa namna ambayo mtoto wako ataiga kesho yake. Huyo binti baadaye tunajua nyumbani kwao baba anampiga, na hapo Leslie anamsaidia vizuri, ila utani wa mwanzo unabaki. Halafu lugha. Kiingereza cha kijijini kwao, kimevunjwa vunjwa, nilikuwa natafsiri papo hapo na tochi ya simu umeme ukikatika, na Leslie akiingia kwenye ufalme anaongea kimalkia, basi na mimi nikawa namwekea sauti ya ngano, ewe mfalme uliyetukuka, adui yuko langoni. Hiyo walipenda. Nasema walipenda kwa sababu mama alikuwa anachambua mchele pembeni akijifanya hasikilizi. Mbwa alipoingia kwenye kibanda kulala na watoto akaguna. Nilipofika kwamba Leslie alichomwa, hakuzikwa, akauliza, "Wahindi hao?" Nikasema hapana mama, Wazungu, wengine wanafanya hivyo. Akasema haya.

Kuna suala la dini, wazazi wajue. Kwao Leslie hawaendi kanisani, anaenda mara moja tu Pasaka na kina Jess, na kadogo kale May Belle kanapata hofu kwamba asiyeamini anaenda motoni. Akifa, Jess anamuuliza baba yake. Mzee anajibu kwamba Mungu hawapeleki watoto wa kike motoni. Kitabu hiki kimewekewa vikwazo shule kadhaa Marekani kwa mambo kama hayo, na kwa lugha ya matusi, na kwa kifo chenyewe. Sisi Waislamu, na jibu la yule mzee nililisoma kama lilivyo sikuongeza neno, na mtoto akauliza, "Na wakubwa?" Mama akajibu kabla yangu. Alijibu vizuri, lakini hilo ni la kwetu.

Palipomgusa mama ni pengine. Jess ana mwalimu wa darasa mkali, watoto wamempachika jina baya, anamtoa nje koridoni na Jess anajua anaenda kugombezwa. Kumbe analia. Anamwambia mume wake alipofariki watu walimwambia asilie, wakawa wanajaribu kumsahaulisha, na yeye hakutaka kusahau. Mstari mfupi tu. Mchele ukanyamaza kwenye ungo. Mama alimzika mwanawe wa kwanza, na kuanzia siku ya kwanza mpaka arobaini kila aliyeingia getini neno lake lilikuwa jikaze, jikaze, una mjukuu huyo anakutazama. Akakaa kimya kidogo halafu akasema, "Huyo mwalimu ana akili," akaendelea kuchambua. Usiku huo ndo mara ya kwanza tangu tuanue tanga nimesikia jina la dada likitajwa pale nyumbani bila mtu kubadilisha mada, na aliyelitaja ni mtoto, alisema mama yake naye alikuwa anaogopa maji ya korongo. Kweli alikuwa anaogopa. Tulikaa tukaongea ilivyokuwa, alivyokuwa anavua viatu kabla ya mvua hata haijaanza.

Muvi tuliitafuta baadaye. Imepigwa New Zealand, na majitu yametengenezwa na Weta Digital, kampuni ya hukohuko ya picha za kompyuta, kwa hiyo ni mazuri, Josh Hutcherson ndo Jess na AnnaSophia Robb ndo Leslie, yule binti anaigiza mpaka unamkosa akiondoka. Kijana kaipenda kuliko kitabu, sitadanganya. Mimi inanikera kidogo kwa sababu ukishaonyeshwa jitu huna tena kazi ya kulifikiria, na kitabu kizima kilikuwa kuhusu hiyo kazi. Ila kama mtoto wako hasomi, muvi inatosha, na boksi la tishu uliweke karibu kwa ajili yako wewe.

Umri? Waliosema miaka 9 kwenda juu wako sawa, lakini kaa naye. Usimpe akasome peke yake chumbani halafu wewe uko kwenye simu. Kama ndo amefiwa wiki hii, subiri. Sisi ulikuwa umepita mwaka na bado sura ya 11 ilikuwa nzito. Na kama wewe ni wale wa kuwaambia watoto mama amesafiri, hiki kitabu kitakuumbua.

Nyota nne. Ya tano nimeikata kwa yale ya dada wakubwa na utani wa unene.

Kitu kimoja. Katikati ya kusoma kijana hakuwa anaelewa ile kamba iko wapi na kibanda kiko wapi, nikachukua bahasha ya zamani ya bili nikachora. Mimi kuchora sijui. Akaangalia mchoro wangu muda mrefu kwa heshima, halafu akasema, "Mamdogo, mto hauwezi kupanda mlima," akachukua biki akaurekebisha mto, akaweka mti, akaweka kamba, akanirudishia bahasha akasema soma. Hakuchora kingine. Nimeshamaliza kitabu mwezi sasa na hajachora basi wala nini, na simuulizi. Penseli bado ziko juu ya kabati. Ila jana nikifuta vumbi nimekuta nailoni imechanika upande mmoja na ya bluu haipo. Mama anasema ni panya. Sawa, panya.